Gurudumu Linaloserereka: Uteuzi na Ulikaji wa Magurudumu ya Ubao Mrefu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuteua magurudumu ya ubao mrefu kwa ajili ya kuserereka, pamoja na sababu zinazoyafanya yalike upesi au polepole. Tunaanza kwa kufafanua istilahi zitakazotumika, kisha tunaeleza kinachotokea gurudumu linapoacha kubingirika na kuanza kuserereka. Baadaye tunachambua sifa za gurudumu na kuonyesha namna kila sifa inavyoathiri mshiko na ulikaji. Hoja yetu kuu ni kwamba gurudumu la kuserereka ni breki, na breki haina budi kulika. Kwa hivyo, swali la mnunuzi lisiwe 'Ni lipi litakalodumu zaidi?' bali 'Ni lipi litakalolika kwa namna ninayoweza kuitabiri?'

1.0 Utangulizi

Ubao mrefu wa magurudumu, ambao vijana wa mijini huuita longibodi, ni chombo chenye ekseli mbili na magurudumu manne. Mpandaji husimama juu yake kwa miguu miwili na kuuelekeza kwa kuegemea upande mmoja au mwingine. Kwa kawaida urefu wake hukaribia mita moja. Katika Afrika Mashariki, mchezo wa mbao za magurudumu umejulikana zaidi kupitia viwanja vya zege, kama vile kile cha Kitintale jijini Kampala na kile cha Shangilia katika mtaa wa Kangemi, Nairobi. Mbao za viwanja hivyo huwa fupi, na magurudumu yake ni madogo na magumu. Makao ya ubao mrefu ni mengine: barabara ya lami inayoteremka.

Tofauti hiyo ya makao ndiyo chanzo cha mada yetu. Ubao mrefu hauna breki ya mkono wala ya mguu. Mpandaji anayeteremka akitaka kupunguza mwendo ana njia tatu. Anaweza kuburuza soli ya kiatu kwenye lami. Njia hii inafaa mwendo ukiwa mdogo. Anaweza kusimama wima na kutanua mikono ili upepo umzuie. Njia hii hupunguza mwendo kidogo tu. Njia ya tatu ni kuugeuza ubao ukingamane na barabara ili magurudumu yote manne yakwaruze lami ubavuubavu. Hii ndiyo inayoitwa kuserereka, na ndiyo inayotegemewa mwendo unapokuwa mkubwa.

Ni bayana basi kwamba anayeteua gurudumu la ubao mrefu anateua pia breki yake. Akikosea, ama gurudumu litakataa kuachia lami na kumtupa, ama litaachia kupita kiasi asiweze kusimama. Hata hivyo, maelezo mengi ya jambo hili hutolewa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayetaka kumweleza mdogo wake kwa Kiswahili kwa nini ubao wake hausimami hujikuta akichanganya lugha mbili, na onyo lake hupotea njiani. Makala haya yanakusudia kutoa maelezo hayo kwa Kiswahili kitupu, kwa kadiri lugha inavyoruhusu. Nayo, kama tutakavyoona, inaruhusu mengi.

2.0 Istilahi za Msingi

Kabla ya kuingia katika uchambuzi, inafaa tukubaliane kuhusu istilahi chache.

(a) Mserereko. Nomino hii inatokana na kitenzi serereka. Tumeipendelea kuliko mtelezo kwa sababu kitenzi teleza huelekea kubeba dhana ya ajali: mtu huteleza kwenye tope bila kukusudia. Serereka huashiria kuteleza kwa mfululizo, hasa kwenye mteremko. Mpandaji hodari hatelezi, anaserereka.

(b) Mshiko. Hii ni nguvu ya gurudumu kuishikilia lami. Kinyume chake tutakiita kuachia.

(c) Kitovu. Hiki ni kiini kigumu cha plastiki kilichomo katikati ya gurudumu, ambamo beringi hukaa. Si kila gurudumu lina kiini cha aina hii, lakini magurudumu mengi ya kuserereka huwa nacho.

(d) Ukingo. Huu ni mpaka kati ya uso wa gurudumu na ubavu wake. Kila gurudumu lina kingo mbili: wa ndani, unaoelekea katikati ya ubao, na wa nje.

(e) Upana wa mguso. Ni upana wa sehemu ya gurudumu inayogusa barabara, ambao aghalabu ni mdogo kuliko upana wa gurudumu zima.

(f) Bapa. Hii ni sehemu ya mzingo wa gurudumu iliyolika ikawa tambarare, hivyo gurudumu likapoteza uduara wake.

(g) Upia. Gurudumu zima lina umbo la mcheduara. Ukingo wake mmoja ukilika kuliko wa pili, umbo hilo huanza kufanana na pia. Hali hiyo ndiyo tutakayoiita upia.

3.0 Historia Fupi ya Gurudumu

Mchezo wa mbao za magurudumu ulianza Marekani, hususan California, na katika miaka ya mwanzo magurudumu yake yalikuwa ya chuma, kisha ya mchanganyiko wa udongo mgumu. Magurudumu hayo yalikuwa na mshiko hafifu. Kijiwe kidogo kilitosha kuusimamisha ubao ghafla na kumwangusha mpandaji.

Mabadiliko yalitokana na kemia. Mwaka 1937, Otto Bayer na wenzake mjini Leverkusen, Ujerumani, walivumbua poliuretani, aina ya plastiki inayoweza kutengenezwa ikawa laini kama sponji au ngumu kama ubao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Frank Nasworthy alianza kuuza magurudumu ya poliuretani kwa wapanda mbao wa California chini ya jina la Cadillac Wheels. Magurudumu hayo yaliishika lami na kupita juu ya vijiwe bila kukwama. Tangu hapo poliuretani haijapata mpinzani wa kweli katika mchezo huu.

Hata hivyo, mshiko ulileta mwendo, na mwendo ulileta haja ya kusimama. Katika muongo uo huo, Cliff Coleman wa Berkeley, California, aliendeleza mtindo wa kuserereka mpandaji akiwa amechutama, mkono wenye glavu ngumu ukiwa umegusa lami kama mguu wa tatu. Mtindo huo hadi leo huitwa kwa jina lake, na ndio wanaofunzwa wanagenzi kwanza. Kutokana na mtindo huo, gurudumu lilipata wajibu wa pili: mbali na kushika, lilipaswa pia kujua kuachia.

4.0 Kinachotokea Wakati wa Mserereko

Gurudumu linapobingirika kama kawaida, sehemu yake inayogusa lami haisogei juu ya lami hiyo. Inaigusa, inainuka, na nyingine inachukua nafasi yake. Ndiyo maana gurudumu ambalo halisereriki kamwe linaweza kutumika kwa miaka. Mpandaji anapoukingamisha ubao, hali hubadilika. Uso wa gurudumu hulazimika kwenda upande ambao ekseli haikuliandalia. Kwanza poliuretani hupindika na kuvutika. Kisha, nguvu ikizidi mshiko, huachia na kuanza kukwaruza.

Katika mkwaruzo huo, nishati ya mwendo wa mpandaji hugeuzwa kuwa joto, huku sehemu ndogo ikitumika kung'oa chembechembe za poliuretani. Tuchukue mfano wa mpandaji ambaye pamoja na ubao wake ana uzani wa kilo 70. Akienda kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, ana nishati ya takriban jouli 2,430. Akienda kwa kilomita 60 kwa saa, nishati hiyo hufikia takriban jouli 9,720. Kasi imeongezeka maradufu, lakini nishati imeongezeka mara nne. Nishati hii yote haina budi kupokelewa mahali fulani ili asimame, na sehemu kubwa hupokelewa na magurudumu manne pamoja na lami iliyo chini yake. Baadhi ya magurudumu huacha mistari ya rangi barabarani. Mistari hiyo ni gurudumu lenyewe, lililobaki kwenye lami.

Pembe ya ubao nayo ina athari kubwa. Ubao ukiwa umekingama kwa mshazari, sehemu ya mwendo bado hufuata uelekeo wa gurudumu; kwa hivyo gurudumu huendelea kuzunguka huku likiserereka, na mzingo wake wote hulika kwa zamu. Ubao ukifika pembemraba, yaani digrii 90 kamili, hakuna tena nguvu ya kulizungusha gurudumu. Linaweza kusimama tuli, na sehemu moja tu ikakwaruzwa hadi mwisho wa mserereko. Hapo ndipo bapa huzaliwa.

5.0 Vigezo vya Uteuzi

5.1 Ugumu

Ugumu wa poliuretani hupimwa kwa durometa, kifaa chenye ncha inayosukumwa ndani ya kitu ili kuona kitabonyea kwa kiasi gani. Kipimo kinachotumiwa kwa magurudumu huitwa Shore A, kwa jina la Albert Shore wa Marekani aliyeasisi kifaa hicho. Nambari ikiwa ndogo, gurudumu ni laini. Ikikaribia 100, ni gumu sana. Magurudumu mengi ya mbao ndefu huwa kati ya 75A na 86A, ilhali yale ya mbao fupi za viwanjani huwa karibu 99A au zaidi.

Kwa jumla, gurudumu laini huingia katika vinyweleo vya lami na kuishika. Gurudumu gumu hukaa juu ya vinyweleo hivyo na kuachia kwa wepesi. Magurudumu mengi yanayokusudiwa kuserereka yapo kati ya 78A na 83A. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba nambari si kila kitu. Magurudumu mawili ya 80A kutoka kwa watengenezaji tofauti yanaweza kutofautiana kabisa, kwa kuwa mchanganyiko wa kemikali ndio unaoamua jinsi poliuretani inavyovutika, inavyorudi katika umbo lake na inavyochanika. Mnunuzi anayetegemea nambari pekee ni sawa na msomaji anayekihukumu kitabu kwa idadi ya kurasa zake.

Kuna dhana iliyoenea kwamba gurudumu gumu hudumu zaidi. Dhana hii ina ukweli nusu. Gurudumu gumu linaweza kupoteza poliuretani kidogo kwa kila mserereko, lakini huwa rahisi kupata bapa. Gurudumu lenye bapa kubwa limekwisha hata kama bado lina nyama tele.

5.2 Upana wa Mguso

Katika fizikia ya shule ya upili tunafunzwa kwamba msuguano hautegemei ukubwa wa eneo la mguso. Kanuni hiyo haitoshelezi kwa vitu vya aina ya mpira, na poliuretani ni mojawapo. Uzani ukitandazwa kwenye eneo pana, kila sehemu hubanwa kwa wastani na kupata nafasi ya kuishika lami. Ukikusanywa kwenye eneo jembamba, gurudumu huachia mapema. Magurudumu yenye mguso wa milimita 30 hadi 45 huserereka kwa urahisi kuliko yale ya milimita 55 au 60, ambayo hutengenezwa kwa ajili ya wanamashindano wanaopiga kona kwa kasi bila kutaka kuachia.

5.3 Ukingo

Ukingo ukiwa mkali, wenye pembe iliyokatwa kwa usahihi, hujipinda wakati wa mserereko na kuikamata lami kama ukucha. Ukingo uliofanywa mviringo hauna ukucha huo. Huachia taratibu na kushika tena taratibu. Ndiyo sababu magurudumu ya wanagenzi huwa na kingo za mviringo. Aidha, gurudumu lenye ukingo mkali likisereresha hupoteza ukali huo baada ya muda. Yaani gurudumu la kushika hugeuka polepole likawa la kuachia. Mpandaji asiyelijua hili huweza kushangaa kwa nini kona aliyoizoea leo haimkubali.

5.4 Kipenyo

Magurudumu ya mbao ndefu huwa na kipenyo cha takriban milimita 65 hadi 75. Kubwa hupita juu ya mashimo na kokoto kwa wepesi na hukimbia zaidi, lakini huinua ubao na linaweza kugusana na mbao wakati wa kuegemea. Dogo huchangamka haraka lakini hupungukiwa na akiba, jambo tutakalolirejelea katika sehemu ya sita.

5.5 Kitovu na Mahali Pake

Kitovu kinaweza kuwa katikati kabisa, kikasogezwa kidogo kuelekea ndani, au kikawa kwenye ukingo wa ndani kabisa. Kitovu cha katikati hugawa uzani sawasawa kati ya kingo mbili. Gurudumu la aina hiyo hushika zaidi, hulika kwa usawa, na linaweza kugeuzwa, upande wa ndani ukawa wa nje. Kitovu cha ukingoni hulifanya gurudumu liachie kwa ulaini wa kupendeza, kwa kuwa ukingo wa ndani hauna nyama nyingi ya kupindika. Lakini upande huohuo hubeba uzani mwingi na kulika kwanza. Gurudumu la namna hii hupata upia upesi. Kitovu kilichosogezwa kidogo ni suluhu ya kati.

Ukubwa wa kitovu pia una maana. Kitovu kikubwa na kigumu huishikilia poliuretani ili ilike kwa usawa zaidi, lakini huchukua nafasi ambayo ingejazwa na poliuretani ya kuliwa. Mnunuzi hupata ubora na kupoteza wingi.

Kuhusu beringi, hakuna mengi ya kuamua. Karibu zote ni za saizi ya 608, yaani tundu la milimita 8, kipenyo cha nje cha milimita 22 na upana wa milimita 7. Kwa sababu hiyo gurudumu la mtengenezaji mmoja huingia kwenye ubao wa mwingine bila tatizo.

5.6 Uso

Gurudumu linapotoka kwenye kalibu huwa na ngozi nyembamba inayong'aa. Ngozi hiyo haitabiriki: huweza kushika na kuachia bila mpango hadi itakapokwaruzwa na kuisha. Baadhi ya watengenezaji huisugua kiwandani, gurudumu likafika likiwa na uso usiong'aa, tayari kuserereka tangu siku ya kwanza. Kwa mwanagenzi, uso uliosuguliwa ni bora.

6.0 Ulikaji: Kasi Yake na Sura Zake

Lugha yetu inatupa hapa nyenzo mwafaka ya uchambuzi. Kitenzi la huzaa lika katika kauli ya kutendeka, na liwa katika kauli ya kutendwa. Tukisema 'gurudumu limelika', tunataja hali tu, kana kwamba imejitokeza yenyewe. Tukisema 'gurudumu limeliwa', msikilizaji ana haki ya kuuliza: limeliwa na nani? Swali hilo la pili ndilo lenye faida kwa mpandaji, kwa sababu walaji wa gurudumu wanajulikana, na baadhi yao wanaweza kudhibitiwa.

6.1 Walaji wa Gurudumu

Mlaji wa kwanza ni lami yenyewe. Lami laini iliyoshindiliwa vizuri hukwangua kidogo. Barabara iliyomwagiwa kokoto juu ya lami hukwangua kama tupa. Mlaji wa pili ni mwendo, ambao, kama tulivyoona, huongeza nishati kwa mraba wake. Wa tatu ni uzani: mpandaji mzito huligandamiza gurudumu kwa nguvu zaidi, na kwa kawaida huhitaji gurudumu gumu kidogo kuliko mwenzake mwepesi. Wa nne ni joto. Jua la mchana hupasha lami, nayo lami hupasha poliuretani ikalainika na kuchubuka kwa wepesi. Barabara iliyolowa, kinyume chake, huserereka kupita kiasi na hulila gurudumu kidogo, ila hatari yake kwa mpandaji ni kubwa zaidi. Mlaji wa tano ni mtindo: pembe ya ubao, urefu wa kila mserereko, na upande ambao mpandaji anaupendelea.

Kwa kuwa walaji ni wengi, haiwezekani kutaja idadi moja ya siku au kilomita. Magurudumu laini ya kuserereka yanaweza kumalizwa kwa siku moja ya mbio kali kwenye lami chakavu, na magurudumu hayohayo yakatumika kwa miezi kadhaa na mtu anayeserereka mara chache kwa mwendo mdogo.

6.2 Hesabu ya Akiba

Ingawa muda hautabiriki, akiba inaweza kuhesabiwa. Tuchukulie gurudumu lenye kipenyo cha milimita 70 na mguso wa milimita 40. Kipenyo kikipungua kwa milimita moja hadi 69, poliuretani iliyopotea ni takriban sentimita 4.4 za ujazo. Gurudumu la upana uleule lenye kipenyo cha milimita 60, likipungua hadi 59, hupoteza takriban sentimita 3.7 tu za ujazo. Maana yake ni kwamba mkwaruzo uleule hupunguza kipenyo cha gurudumu dogo upesi zaidi. Maana ya pili ni muhimu vilevile: gurudumu moja, kadiri linavyozidi kupungua, ndivyo kila milimita inayofuata inavyokwenda haraka kuliko iliyotangulia. Mpandaji anayeona kwamba magurudumu yake 'yameanza kuisha ghafla' hajarogwa. Ni hesabu tu.

Upana nao huingia katika hesabu hiyo. Gurudumu la milimita 70 lenye mguso wa milimita 30 hupoteza sentimita 3.3 tu za ujazo kwa milimita ile ya kwanza. Wembamba unaorahisisha mserereko ndio huohuo unaopunguza akiba.

6.3 Sura za Ulikaji

Ulikaji una sura nne. Ya kwanza ni ulikaji sawa: gurudumu hupungua likibaki mcheduara. Hii ndiyo sura inayotakikana. Ya pili ni upia, ambapo ukingo wa ndani huisha kabla ya wa nje. Upia kidogo hauna madhara. Ukizidi, eneo la mguso hubadilika na ubao huachia kwa namna tofauti na uliyoizoea. Ya tatu ni bapa. Bapa hutambulika kwa sikio kabla ya jicho: ubao ukibingirika, husikika mlio wa ta-ta-ta unaoongeza kasi pamoja na mwendo, na nyayo huhisi mtetemo. Bapa ndogo huweza kuondolewa kwa kuserereka kwa mshazari hadi mzingo uliobaki uifikie. Bapa kubwa hujizidisha, maana gurudumu hupenda kusimama pale lilipokwisha kuwa tambarare. Ya nne ni kung'oka vipande, ambako poliuretani haikwaruziki bali humeguka, hasa ukingoni. Gurudumu lililomeguka vibaya halipaswi kutumiwa tena kwa mwendo wa kasi.

7.0 Utunzaji

Magurudumu manne hayaliki kwa kiwango kimoja. Kila mpandaji ana upande anaoupendelea, na mara nyingi ekseli moja hubeba mzigo kuliko nyingine. Kwa hivyo, inashauriwa magurudumu yabadilishwe nafasi mara kwa mara: la mbele kushoto liende nyuma kulia, na la mbele kulia liende nyuma kushoto. Yenye kitovu cha katikati yageuzwe pia, ndani ikawa nje. Mpandaji makini hupima kipenyo cha kila gurudumu kwa kalipa na kuandika vipimo daftarini. Tofauti ya milimita mbili kati ya magurudumu ya ubao mmoja ni dalili kwamba zamu imechelewa.

Gurudumu liachwe lini? Poliuretani iliyobaki juu ya kitovu ikiwa nyembamba, inaweza kuachana nacho wakati wa mserereko, na gurudumu likasambaratika likiwa chini ya mtu. Asisubiri mpandaji hadi akione kitovu. Nazi iliyofikia kifuu haikunwi tena.

8.0 Mwongozo kwa Mwanagenzi

Kwa kuzingatia vigezo tulivyovijadili, mwanagenzi mwenye uzani wa wastani anayetaka kujifunza mserereko wa Coleman anaweza kuanza na gurudumu la kipenyo cha karibu milimita 70, ugumu wa karibu 80A, mguso wa milimita 35 hadi 40, kingo za mviringo, uso uliosuguliwa, na kitovu cha katikati au kilichosogezwa kidogo. Kila sifa hapa ina sababu yake. Kipenyo kinampa akiba ya kukosea. Ugumu wa wastani unamwezesha kuachia akiwa na mwendo mdogo, bila kumnyima nguvu ya kusimama. Kingo za mviringo zinamwepusha na mshiko wa ghafla, ambao ndio huwatupa wengi mbele ya ubao. Kitovu cha katikati kinampa nafasi ya kugeuza gurudumu atakapokwisha kuliharibu upande mmoja, jambo ambalo halikosi kutokea.

Aepuke miisho miwili. Gurudumu laini na pana litamkatalia hadi aongeze mwendo asioweza kuumudu. Gurudumu gumu na jembamba litaachia hata asipolisukuma, lakini litaendelea kuserereka bila kupunguza mwendo, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Hatari ya gurudumu hili la pili haionekani kwa haraka, kwa sababu humfanya mwanagenzi ajione fundi. Kuserereka na kusimama si kitu kimoja.

Inafaa kusisitiza kwamba gurudumu bora haliondoi haja ya kofia ngumu na glavu zenye vibao vya plastiki viganjani, wala halihalalishi kufanya mazoezi kwenye barabara yenye magari na matatu. Mazoezi ya mserereko yafanywe mahali palipofungwa, mpandaji akiiona njia yote iliyo mbele yake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sifa zinazolifanya gurudumu liserereke vyema, yaani wembamba wa mguso, kitovu cha ukingoni na kingo za mviringo, mara nyingi hupunguza akiba yake au usawa wa ulikaji wake. Hakuna gurudumu litakaloachia kama barafu, lishike kama gundi na lidumu kama chuma. Anayeahidiwa hayo yote kwa pamoja dukani na aulize maswali zaidi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kulika si kasoro ya gurudumu la kuserereka. Ndiyo kazi yake. Kila chembe inayobaki barabarani imebeba sehemu ya mwendo ambao vinginevyo ungebebwa na ngozi ya mpandaji. Uteuzi mwema ni ule unaozingatia uzani wa mtu, lami aliyo nayo na kiwango cha ujuzi wake, kisha ukachagua gurudumu litakaloliwa polepole na kwa usawa, bila kumshtua.

Kwa upande wa lugha, tumeona kwamba istilahi nyingi zilizohitajika zilikuwepo tayari: kitovu, ukingo, bapa, pia, mshiko, mserereko. Tulilazimika kukopa chache tu, kama vile poliuretani na durometa. Tunawahimiza wanafunzi wenzetu wazijaribu istilahi hizi mahali mchezo unapochezwa, wazikosoe, na waleta mapendekezo yao wapewe nafasi katika kurasa hizi. Mpandaji anayeelewa onyo analopewa, kwa lugha anayoifikiria, ana nafasi nzuri zaidi ya kufika chini ya mteremko akiwa amesimama.